Mchua Mafahali wa Sapudi

Surabaya, Alhamisi, 4 Julai 1996

Baba,

Shikamoo. Tumefika salama mimi na mjukuu wako, ila mgongo wangu umebaki njiani. Kutoka Sapudi mpaka Kalianget bahari ilitutikisa, na kutoka Kalianget mpaka huku basi likamalizia kazi. Siyah hakutapika hata mara moja! Alikaa dirishani anahesabu ng'ombe, na kila alipomwona mmoja alisema, "Huyu mwembamba, babu hajamchua." Basi zima likacheka.

Sasa kaa chini nikwambie. Si minyoo, Baba. Yule muuguzi wa zahanati alifanya vizuri kutufukuza kisiwani. Ni uvimbe, umeota kwenye figo la kushoto, mkubwa kama dafu. Ni saratani ya figo ya watoto. Jina hilo nimelitaja mara moja, sitaki kulizoea. Lakini usianze kulia, tafadhali. Hapa wanasema watoto wengi wanaougua ugonjwa huu hupona. Daktari alilisema hilo bila kunionea huruma, kama mtu anayetaja bei ya dagaa, ndiyo maana nikamwamini.

Na mashine yao! Weee, Baba! Wanaiita CT. Ni kitu cheupe, kina tundu katikati. Mtoto analazwa, kitanda kinaingia chenyewe tunduni, na mashine inampiga picha vipande vipande kama mkate uliokatwa, bila kisu, bila damu. Walimchoma Siyah dawa ya kung'arisha picha, akapiga kelele, "Nawaka!" Halafu akatulia, akauliza mafahali wako wapi. Alidhani kile kitanda ni gogo la mbio linalokokotwa na mafahali, na yeye ndiye mpandaji! Miaka minne tu, mdomo kama wako.

Anayezisoma hizo picha ni mwanamke wa Kijava, Daktari Retno, mfupi, mkali, anatafuna karanga wakati wote. Kaniita chumbani kwake. Uvimbe ameuona vizuri, lakini kuna jambo linamkera. Kando ya uvimbe kuna maji kidogo, na kwenye utando unaofunika utumbo kuna vidoa vidogo vidogo. Amenieleza kwamba uvimbe wa aina hii una ngozi nyembamba. Ukichuliwa au ukibonyezwa kwa nguvu hupasuka, na mbegu zake humwagika tumboni kote. Basi akaniuliza, "Mama Siyah, kuna mtu aliyemchua huyu mtoto tumbo?" Mara tatu kaniuliza, Baba, mara tatu!

Kama alichuliwa, basi vile vidoa ni mbegu zilizomwagika, na lazima dawa zitangulie, kisu kifuate baadaye. Kama hakuchuliwa, daktari wa upasuaji anasema huenda ni mikunjo ya utumbo tu, na yeye anataka kukata upesi, uvimbe ungali mzima. Wamebishana mbele yangu.

Nikawajibu kwamba hakuna aliyemgusa. Nikawaambia baba yangu ni mchua mafahali wa mbio, hakuna anayempita Sapudi nzima, na sharti lake ni moja tangu nizaliwe: mikono inayochua fahali haimchui mtu. Hata mimi nilipoteguka mguu ulinipeleka kwa jirani. Nimejibu kwa kujiamini kabisa.

Baba Siyah bado hajui, yuko Malaysia kwenye ujenzi. Nitamwandikia nikijua la kumwambia. Lile gauni la kijani la Siyah nimelifua mara mbili, limekauka, ndilo amevaa leo. Anakusalimu. Anauliza kama wale mafahali, Pilipili Kichaa, wanakula vizuri.

Binti yako,
Masturah

*

Sapudi, Jumanne, 9 Julai 1996

Masturah mwanangu,

Barua yako imefika na mashua ya asubuhi, ikinuka samaki. Nimeisoma mara mbili zizini, na mara ya tatu nimewasomea mafahali, maana wao hawasengenyi.

Mwambie Siyah Pilipili Kichaa wanakula kuliko bwana harusi. Kila mmoja mayai hamsini kwa siku, na asali, na tangawizi. Tajiri wao, Haji Busiri, amewanunulia vitambaa vyekundu vya pembe. Jumapili ya tarehe ishirini na moja ndiyo mbio za wilaya, na mwaka huu, wallahi, hakuna wa kutushinda! Yule wa kulia amekaza paja mpaka kidole hakiingii. Juzi walimburuta mpandaji mpaka shamba la mahindi la watu, na mwenye shamba badala ya kukasirika akapiga makofi.

Ugonjwa ni wa Mungu na dawa ni ya Mungu. Wasikilize madaktari. Huyo mla karanga ana akili, naona.

Kuhusu lile swali lake. Mimi ni mchua ng'ombe, na watu wote wanajua hivyo. Umejibu ulivyojibu, sina la kuongeza.

Ila kuna mtu hapa kijijini ananiuliza, nami nikasema nikuulizie wewe uliye karibu na wajuzi. Hizo mbegu humwagika mtoto akichuliwa mara nyingi tu, au hata mara moja inatosha? Na je, akichuliwa kwa mkono mwepesi, na mtu anayejua kazi yake? Ni mtu tu anauliza.

Kula, usikae na njaa kwa kumwonea mtoto huruma. Nimekutumia mchuzi wa petisi na dagaa wakavu kwa mkono wa nahodha.

Baba yako,
Dulajis

*

Surabaya, Jumamosi, 13 Julai 1996

Baba,

Dagaa wamefika, wodi nzima imejua! Muuguzi Yayuk alikuja kuuliza ni kitu gani kimekufa chini ya kitanda, halafu akaomba aonje, na sasa anapita kila saa ya chakula.

Habari kubwa: wamepanga siku. Jumanne ya tarehe ishirini na tatu, Siyah anakatwa! Daktari wa upasuaji ameshinda ubishi. Amesema, mama ameapa, nasi tunamwamini mama. Nina furaha na hofu, sijui nishike ipi. Usiku silali, mchana nacheka ovyo. Fikiria, Baba, siku moja tu, na lile dafu linatoka!

Daktari Retno hajafurahi. Alinionyesha picha zenyewe kwenye ubao wa taa. Tumbo la Siyah limejipanga humo, ini hapa, utumbo pale, na uvimbe umesukuma kila kitu pembeni kama mgeni asiye na adabu. Kisha akaweka kidole kwenye vidoa. "Hivi havinipi usingizi," akasema. Akarudia tena lile swali lake. Nikachoka, Baba. Nikaomba Msahafu, nikauwekea mkono, nikaapa kwa Mungu na kwa jina lako kwamba mtoto huyu hakuchuliwa. Hata karanga aliacha kutafuna.

Mwambie huyo mtu anayeuliza: hata mara moja inatosha. Tena daktari kasema mkono wa mjuzi ndio mbaya zaidi, kwa sababu unaingia ndani. Mwambie kama ana mtoto mwenye tumbo lililovimba amlete, asimguse.

Siyah kanichekesha jana. Daktari alipomwekea mkono tumboni, taratibu tu, yeye akafumba macho akasema, "Taratibu, fahali wangu, toa pumzi." Maneno yako yale ya zizini! Ameyasikia mara ngapi mpaka ameyakariri? Nikamwambia daktari, huyu amekulia kwenye zizi la babu yake.

Tuombee. Na Pilipili Kichaa washinde, ili Siyah akiamka apate habari mbili nzuri.

Masturah

*

TELEGRAMU
Sumenep, Jumamosi, 20 Julai 1996, saa tano asubuhi

KWA MASTURAH MAMA HAMSIYAH WODI YA WATOTO SURABAYA
MIMI NILIMCHUA SIYAH TUMBO MARA TATU KABLA YA SAFARI. MWAMBIE DAKTARI WA PICHA. WASIMKATE.
BABA

*

Sumenep, benchi la posta, siku hiyohiyo

Masturah,

Telegramu imekwenda. Kabla yake nilijaribu simu ya hospitali. Mtu wa kwanza akaniambia subiri, nikasubiri ikakata. Wa pili akaniuliza nambari ya kitanda, sikuijua. Wa tatu hakuelewa Kijava changu kibovu. Hapo nikamwambia karani wa posta aandike kwa herufi kubwa, na amenihakikishia itafika Jumatatu asubuhi. Nimemuuliza mara nne mpaka kanifukuza dirishani.

Barua yako ya tarehe kumi na tatu niliipata jana alasiri, nikiwa nimeshika paja la fahali. Niliposoma "nikaapa kwa Mungu na kwa jina lako" niliachia. Leo alfajiri nikapanda mashua ya kwanza. Haji Busiri alinifuata mpaka gatini akipiga kelele, "Dulajis, kesho ni mbio! Kesho! Unaniacha na mafahali hawajachuliwa?" Nikamwambia achue mwenyewe. Ndiyo, mbele ya watu wote nilimwambia Haji achue mwenyewe.

Sasa nikwambie yote, maana nusu nilishakuficha, na nusu iliyobaki inanichoma.

Wiki ile ya mwisho ulikuwa unashinda pwani ukianika samaki. Siyah alikuwa nami zizini. Tumbo limejaa, hali chakula. Nikasema moyoni, nimewatoa mafahali wangapi gesi na minyoo kwa mikono hii? Fahali mzima mwenye ratili elfu anasimama kwa vidole vyangu, na mtoto mdogo huyu anishinde? Basi nikavunja sharti langu mwenyewe. Nilimlaza kwenye gunia, nikampaka mafuta ya mafahali, yale ya karafuu na tangawizi, nikamwambia ni siri yetu. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili alicheka kidogo. Siku ya tatu nilikuta kitu kigumu upande wa kushoto. Badala ya kuogopa nikafurahi, nikasema leo nimekukamata! Nikaingiza dole gumba. Kikateleza, kikalegea. Siyah akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia.

Na kesho yake, Masturah, tumbo likawa laini kidogo. Unajua nilifanya nini? Nilijisifu. Nilimsimulia fahali wa kulia kwamba nimewashinda minyoo.

Uliponiuliza nikakwepa. Nilijua. Nilipokuandikia "kuna mtu anauliza" mtu huyo ni mimi, na bado nikaandika habari za mayai. Niliona aibu. Sisi watu wa Madura tunasema afadhali mfupa uwe mweupe kuliko jicho, afadhali kifo kuliko aibu. Methali ile ni ya wanaume wanaokufa wao wenyewe. Haikusema kitu kuhusu mtoto wa miaka minne.

Nimekwisha. Wasimkate Jumanne. Ukitaka kunilaani nilaani, ila mpe daktari karatasi hii kwanza.

Dulajis

*

Surabaya, Jumatano, 24 Julai 1996

Baba,

Telegramu ilifika Jumatatu saa nne asubuhi, Siyah ameshaanza kuzuiwa kula. Nilikimbia nayo mpaka chumba cha picha bila viatu. Daktari Retno aliisoma, akasimama, karanga zote zikamwagika chini, akanishika mkono tukapanda ngazi mbio mpaka kwa daktari wa upasuaji. Kisu kimeahirishwa. Jana walipiga picha nyingine. Vidoa vimeongezeka, maji pia. Ni mbegu, zimetawanyika tumboni. Dawa zimeanza jana hiyohiyo, mpaka wiki sita, ndipo picha nyingine.

Daktari amesema wangekata siku ile, uvimbe uliokwisha kupasuka ungewamegekea mikononi.

Niliweka mkono juu ya Msahafu, Baba.

Usiniandikie kwa sasa. Sina nafasi moyoni ya kusoma maneno yako.

Masturah

*

Sapudi, Jumatatu, 12 Agosti 1996

Kwa Bibi Hamsiyah binti Masturah, mpandaji wa gogo jeupe, Surabaya

Siyah mjukuu wangu,

Barua hii ni yako wewe. Mama yako amenikataza nisimwandikie, nami namtii. Kwa kuwa wewe hujui kusoma, yeye atakusomea tu, kama mtumishi. Akifika mahali pa kukasirika, aruke.

Kwanza, habari za Pilipili Kichaa. Siku ile niliyowaacha, waliachwa mikononi mwa mpwa wake Haji, anayechua kama anayefua jinzi. Mbio zikaanza, wakatoka kama risasi, nusu ya uwanja wanaongoza! Halafu yule wa kushoto akaona kikapu cha muuza karanga. Siyah, wallahi, walikata kona. Mpandaji akaruka, muuza karanga akaruka, mke wa mkuu wa kijiji akaruka na mwavuli wake. Wakasimama wanakula karanga mbele ya watu elfu mbili. Haji Busiri hakusema nami kwa siku kumi na nne.

Ya kumi na tano alikuja zizini, akaniuliza, "Dulajis, ni nini kilichokuwa kikubwa kuliko mbio?" Nikamwambia yote, kama nilivyomwambia mama yako. Haji akakaa kwenye ndoo. Halafu akasema binti yake mdogo naye ana tumbo kubwa, na walikuwa wanampeleka kwa mchuaji Ijumaa.

Basi jana, kwenye mbio za pili, uwanja umejaa, ngoma zinalia, saroneni zinapulizwa, Haji kamnyang'anya mtangazaji kipaza sauti akanipa mimi. Mjukuu wangu, babu yako aliyewahi kusimama mbele ya mafahali wenye hasira, alikishika kipaza sauti juu chini! Nikasema: "Mimi ni Dulajis, mchua mafahali, mnanijua. Nilimchua mjukuu wangu tumbo nikampasua uvimbe. Yuko hospitali Surabaya, na ni mikono yangu hii." Ngoma zikanyamaza. Nikasema, "Mtoto tumbo likivimba, msimchue. Msimbonyeze. Mpelekeni zahanati siku hiyohiyo. Na yeyote anayetaka kunicheka, anicheke sasa, nimesimama hapa."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Anza mbio basi, mzee!" Lakini jioni walinijia akina mama watano na watoto wao, na leo asubuhi watatu wamepelekwa zahanati. Binti wa Haji ni minyoo kweli, Alhamdulillahi, kapewa vidonge.

Pilipili Kichaa walishinda. Nilikuwa nimewachua vizuri. Muuza karanga walimhamishia upande wa pili.

Wewe kunywa dawa hata kama ni chungu. Nywele zikitoka usilie, fahali wa kushoto naye ana kipara mgongoni na bado anakimbia. Sitakuchua tena, nakuahidi, hata ukiniomba.

Babu yako

*

Surabaya, Jumamosi, 7 Septemba 1996

Baba! Baba! Baba!

Kalamu inanitoroka, nisamehe mwandiko. Vimekwisha! Vidoa vimekwisha!

Ngoja nianze vizuri. Alhamisi walimpeleka Siyah kwenye mashine mara ya tatu. Siku hizi anajilaza mwenyewe na kuwaamuru mafundi, "Twende, gogo!" Nikakaa nje naomba dua zote ninazozijua na nyingine nilizozitunga hapohapo. Nikasikia mlango unagongwa ukutani, Daktari Retno anatoka, hana viatu. Safari hii yeye ndiye hana viatu! Akanivuta ndani, akaziweka picha tatu kwenye ubao wa taa: ya Julai mwanzoni, ya baada ya telegramu, na ya sasa. "Tazama hapa," anasema. "Na hapa. Na hapa." Palipokuwa na doa, hamna. Palipokuwa na maji, hamna. Utando wa tumbo umesafika. Na dafu, Baba, limekuwa ndimu! Ndimu kubwa, lakini ndimu! Nilimbeba daktari. Kweli, nilimbeba kimo cha futi moja juu, na ni mtu mwenye heshima zake. Kanifinya sikio ndipo nikamshusha.

Muuguzi Yayuk alilia mpaka akaomba dagaa.

Wanakata Jumanne ya tarehe kumi na saba. Baadaye kutakuwa na tiba ya miale kwa tumbo zima na dawa za miezi mingine mingi, kwa hiyo sherehe bado, usichinje kitu. Nywele zimetoka zote. Miguu inamuuma, dawa mojawapo inachoma mishipa yake, anatembea kama bata mzee. Lakini anakula! Jana kamaliza sahani ya wali akaomba ya kwangu.

Barua yako, samahani, barua yake, nilimsomea. Nilimsomea yote, sikuruka. Alitaka arudiwe pale pa muuza karanga mara sita. Pale pa kipaza sauti nilimrudia mwenyewe bila kuombwa.

Njoo. Siyah anakutaka, na mimi pia nasema njoo.

Masturah

*

Karatasi iliyokunjwa, imepelekwa na muuguzi Yayuk
Korido ya wodi, Ijumaa, 20 Septemba 1996

Masturah,

Asante kwa wali. Niko sawa hapa kwenye benchi, usinihangaikie. Yayuk ameniambia kisu kilikwenda vizuri, uvimbe ulitoka mzima na figo lake, na jana Siyah alikunywa supu. Nimemshukuru Mungu mpaka mlinzi akaja kuniangalia.

Siingii. Usinitume watu wa kunivuta. Siku tatu hizi nikimwona kupitia kioo inanitosha. Nikiingia atanipa tumbo nimpulizie, namjua, na mimi nikiliona lile kovu mikono yangu itakufa. Akiamka mwambie babu yuko nje anawalinda mafahali.

Baba

*

Nyuma ya karatasi ileile

Baba,

Nami nina langu, na ni bora nilisemee hapa karatasini kuliko usoni kwako.

Unakumbuka gauni la kijani? Nilikuandikia nimelifua mara mbili. Usiku kabla ya safari nilimvua Siyah, gauni likawa linanuka karafuu na tangawizi. Mafuta ya mafahali, yamekolea tumboni, si mikononi wala mgongoni, tumboni. Nitaachaje kuijua harufu ile, nami nimezaliwa ndani yake? Nikalifua. Likabaki na harufu, nikalifua tena. Halafu nikaja hapa nikaulizwa mara tatu, na mara ya nne nikaweka mkono juu ya Msahafu.

Nilijua, Baba. Niliona aibu kuliko wewe. Nilifikiri nikisema, watu watasema baba yangu kamuua mjukuu wake, nikaona afadhali nisiwe nimenusa. Telegramu yako haikumwokoa Siyah na mikono yako peke yake. Ilimwokoa na mdomo wangu pia.

Zile hasira za Julai zilikuwa zangu mwenyewe, nikakutwika wewe kwa sababu ulikuwa mbali na hukuweza kujibu. Nimemwambia Daktari Retno leo asubuhi. Alimaliza karanga zake, akasema, "Basi mko wawili. Mwite mwenzako."

Kwa hiyo usikae huko nje kama mkosaji peke yako. Siyah ameamka. Miguu inamuuma, analia, anakutaja. Tumbo lina bandeji, hakuna wa kuligusa. Soma hapa chini, daktari kaandika kwa mkono wake.

Masturah

*Miguu ruhusa. Kwa wepesi, bila mafuta ya ng'ombe. Dkt. Retno*

*

Kipande cha karatasi

Nakuja. Ngojeni ninawe mikono.